UZI: Kabla hujapuliza dawa kwenye mayungiyungi, mhesabu miguu mdudu wako

UaniKwaMama (Kisauni)

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, nivumilieni. Nimepoteza karibu nusu ya mayungiyungi ya mama na sipendi mwengine apite njia niliyopita mimi.

Mayungiyungi haya yamenizidi umri. Ni yale ya tunguu nene kama kichwa cha mtoto, majani marefu kama mikanda, na ua jeupe lenye mstari wa waridi katikati ya kila petali. Wauza miche huyaita krinamu. Mama aliyachimbua uani kwa bibi yake, Mji wa Kale, akayabeba kwa gunia tulipohamia huku Kisauni. Kila masika yakichanua, jioni harufu yake inafika mpaka barazani anapokaa. Macho yake siku hizi hayana nguvu, kwa hivyo harufu ndiyo inayompa habari. Huniambia "leo yamefunguka" kabla mimi sijafika uani.

Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, majani yalianza kufanya mabaka meupe, kana kwamba mtu amekwangua nyama ya jani akabakisha ngozi. Ukilibonyeza unasikia maji maji, na ndani muna uchafu mweusi. Siku ya nne majani mawili yalilala chini. Wiki ya pili shina la ua likakatika kabla ua halijafunguka.

Nikaingia intaneti. Kila nilipouliza mdudu anayekula lili, ndilo jina la Kizungu la mayungiyungi, nilipewa picha ileile: mbawakawa mwekundu kama pilipili, kichwa cheusi. Na kweli asubuhi ile nilikuwa nimewaona mbawakawa juu ya ua moja wakitafuna petali. Hawakuwa wekundu watupu, walikuwa weusi wenye mikanda, lakini moyo ulishaamua kuwa ni hao. Nikaenda duka la dawa za kilimo. Muuzaji hakuniuliza ni mdudu gani wala mmea gani. Alinimiminia dawa kwenye chupa ya soda, haina karatasi, haina jina, akaniambia kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji. Nilipuliza saa saba mchana, jua la utosi.

Kando ya mayungiyungi kuna mrehani wa mama, na siku ile ulikuwa umechanua, nyuki wamejaa. Jioni niliwafagia nyuki kwa kizoleo. Wiki ileile tulikuwa na harusi ya binti ya dada yangu, na mrehani ule ndio tuliokuwa tumeutegemea kwa vikuba. Kikuba mtu hukivaa kifuani, anakinusa usiku kucha. Ningewezaje kufunga dawa ile pamoja na asumini nikampa biharusi? Tulikwenda kununua mrehani Marikiti. Mama hakusema kitu, na kimya chake kilinichoma kuliko maneno.

Majani ya mayungiyungi nayo yaliungua ncha. Aliyekuwa akiyala hakuguswa. Usiku wa tatu matunguu mawili yalikuwa yameshaoza.

Ndipo nikatoka usiku, saa tano na nusu, na tochi ya simu. Nilikuta viwavi, kundi zima juu ya jani moja, weusi wenye mabaka ya rangi ya maziwa yaliyopangika kama mikanda, wanatafuna kwa pamoja. Nilichukua jani jengine nililodhani ni zima nikalipasua kwa kucha. Ndani, baina ya ngozi ya juu na ya chini, mulikuwa na vitoto vyembamba kama uzi wa kushonea, vimejipanga. Dawa yangu ingewafikia wapi, na wao wamejifungia ndani ya jani?

Asubuhi niliwatia wanne kwenye chupa ya jemu nikampelekea bwana shamba. Hakufungua kitabu. Alimlaza mmoja chali juu ya karatasi nyeupe, akaweka kamera ya simu karibu, akaniambia, "Bibi, hesabu miguu." Nikahesabu: mbele, chini ya kifua, miguu sita midogo yenye ncha. Halafu pengo. Halafu tumboni vigingi vinene vya nyama, jozi baada ya jozi, na jozi moja mkiani. Akasema mtoto wa mbawakawa ana ile sita ya mbele peke yake, na wengine hawana hata hiyo. Vigingi vya tumboni hana. Huyu wangu ni mtoto wa nondo. Jina lake la kitaalamu ni *Brithys crini*, naye hupenda jamii ya krinamu na amarilisi. Mamake ni nondo wa kahawia asiyevutia macho, huruka usiku, hutaga mayai kwa kundi chini ya jani. Watoto huingia ndani ya jani, hushuka nalo mpaka kwenye tunguu, wakishakomaa hujifukia mchangani wageuke nondo.

Kwa hiyo nilikuwa na wadudu wa aina mbili: mbawakawa wa mchana juu ya ua, na kiwavi wa usiku ndani ya jani. Na yule mwekundu wa kwenye picha hakuwamo kabisa. Naomba wenye ujuzi waongeze, hasa kuhusu wale mbawakawa.

MzeeWaMtongwe

Pole sana binti yangu, na mpe mama salamu zangu. Lakini mimi nasema usiwasahau chonga. Mimi nina minazi huku ng'ambo tangu ujana wangu, na adui yangu ni mbawakawa yule mweusi mwenye pembe. Anatoboa kilele cha mnazi, makuti mapya yakifunguka unayaona yamekatwa kama kwa mkasi. Mwezi uliopita nilichimbua samadi niweke kwenye maua ya mke wangu nikakuta mafunza meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja kama ndoana. Nimeyaona kwa macho yangu. Hayo ndiyo yanayokula matunguu chini kwa chini. Je, umechimba ukatazama?

MwalimuMstaafu

Mzee wangu wa Mtongwe, heshima yako. Kwa minazi hakuna atakayebishana nawe, lakini kwa hayo mafunza nina neno. Mtoto wa chonga hula vitu vilivyooza: magogo ya mnazi yaliyolala, samadi, takataka za majani. Mzizi ulio hai na tunguu zima si chakula chake. Anayeudhuru mnazi ni chonga mkubwa mwenyewe, anapotoboa kilele kunywa utomvu. Kwa hivyo mafunza yale hayajaligusa ua la mama mwenye nyumba. Ila usiyaache, kwa sababu yakikomaa yatapanda kwenye minazi yako. Wape kuku, kisha yaondoe magogo yaliyooza shambani. Hilo litakusaidia kuliko dawa yoyote.

Na ile hesabu ya miguu aliyofundishwa dada ina maana pia dukani. Kuna dawa ya bakteria, *Bacillus thuringiensis*, watu huiita Bt. Ile ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya viwavi. Kiwavi akila jani lililopulizwa, utumbo wake unaharibika, anaacha kula, anakufa baada ya siku chache, na nyuki hadhuriki. Mpulizie mbawakawa dawa hiyohiyo, haitamfanya lolote. Mtu anaweza kununua dawa nzuri kabisa, akapoteza pesa yake na wakati wake, kwa sababu tu hakujua aliye mbele yake ni mtoto wa nani.

MzeeWaMtongwe

Ahsante Mwalimu. Kuku wamekula leo asubuhi. Magogo mawili nilikuwa nimeyaweka niyafanye viti, nitayachoma.

MvitaUghaibuni

Dada wa Kisauni, nimesoma nikalia kwenye habari ya mrehani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi kusini mwa Uingereza, na yule mbawakawa mwekundu uliyemuona kwenye picha ni jirani yangu. Acha niwaeleze habari zake, kwa kuwa watu wengi huko nyumbani wanasoma ushauri ulioandikwa kwa ajili yake.

Jina lake ni *Lilioceris lilii*. Urefu wake ni milimita sita hadi nane. Mgongo ni mwekundu wa kung'aa, na kichwa, miguu na tumbo ni nyeusi. Ukimshika ukamfumba kiganjani analia, sauti nyembamba sana, kama mlango wa sanduku dogo. Ukinyoosha mkono kumkamata anajiachia, anaanguka chali, tumbo jeusi juu, na kwenye udongo mweusi humuoni tena. Msimu wa kwanza nilikuwa nawatazama wakitoweka mbele ya macho yangu. Jirani yangu mzee alinifundisha kutandika kitambaa cheupe chini ya mmea kabla sijautikisa. Wanaangukia hapo, ninawamiminia kwenye kopo la maji ya sabuni.

Watoto wake ndio waharibifu zaidi. Mayai ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, yamepangwa mstari chini ya jani, huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Kitoto kikitoka hujipaka mavi yake mwenyewe mgongoni, kinakuwa kama tone la matope linalotembea, na ndege hawakitaki. Mtu asiyejua hudhani ni uchafu wa ndege ulioachwa juu ya jani. Mimi huchukua kitambaa kilichoroa nikaufuta upande wa chini wa kila jani, kila baada ya siku tatu, kuanzia baridi inapopungua mwezi wa tatu au wa nne. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya mia tatu kwa msimu, kwa hivyo ukimtoa mmoja mapema umejiokoa na kazi nyingi ya baadaye. Wakubwa hupitisha baridi wakiwa wamelala mchangani na chini ya majani makavu.

Hata hapa ni mgeni aliyehamia. Alishika makao Surrey, kijiji cha Chobham, mwaka 1939, na siku hizi yuko karibu kila mahali nchini. Alivuka bahari akaonekana Montreal, Kanada, miaka ya 1940, na mwaka 1992 alikuwa ameshafika Massachusetts, Marekani. Huko Marekani watafiti walikwenda kumtafutia adui yake alikotoka, nyigu mdogo mno aitwaye *Tetrastichus setifer* anayetaga mayai ndani ya vitoto vya mbawakawa huyu. Walianza kumwachilia mwaka 1999, na mahali aliposhika makao mbawakawa wamepungua sana.

Sasa dada, lililo muhimu kwako ni hili. Mbawakawa huyu anazaliana juu ya lili za kweli, zile za jenasi *Lilium*, na ndugu zao wachache wa nchi za baridi. Krinamu ya mama si lili kwa nasaba. Ni jamii ya amarilisi, majina tu yamegongana. Hata angeshuka leo uwanja wa ndege wa Moi, kwenye mayungiyungi ya mama asingezaa. Lili za kweli zinahitaji baridi ili zichanue vizuri, ndiyo maana huko pwani hazidumu.

NyaliBarazani

Samahani kwa kuingilia. Shangazi yangu anakuja kutoka London mwezi wa kumi na mbili na nilikuwa nimemwomba aniletee matunguu ya lili hizohizo za kweli kwenye begi. Kuna ubaya?

MvitaUghaibuni

Upo, ndugu yangu, tafadhali mwambie asilete. Wadudu wa namna hii husafiri kwa matunguu, mimea ya vyungu na udongo. Mmea wowote unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla haujasafiri, na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka. Tunguu la kwenye begi, katikati ya nguo, halina vyote viwili.

BustaniBamburi

Nina kitalu cha miche kando ya barabara huku Bamburi, na mbawakawa wa dada wa Kisauni nadhani namjua. Mweusi, mikanda ya manjano au myekundu mgongoni, mwili laini kidogo, shingo nyembamba, hakimbii ukimkaribia? Kama ni huyo, msimshike kwa mkono mtupu. Damu yake ina sumu inayoitwa kantharidini, inapandisha malengelenge. Kijana wangu wa kazi alimponda mmoja shingoni bila kukusudia. Kesho yake asubuhi alikuwa na lengelenge refu kama kidole, maji yamejaa, na lilichukua zaidi ya wiki kukauka.

Huyu hali majani wala matunguu. Anakula maua. Mumuone wakati kunde na mbaazi zimechanua, ndipo anapofurika, na akimaliza huko anahamia kwenye bamia, waridi na lolote lililofunguka. Kwenye mayungiyungi anatafuna petali na kuacha ua lina matundu. Anaudhi macho lakini mmea haufi kwa ajili yake. Tena watoto wa wengi wao hula mayai ya panzi ardhini, kwa hivyo mimi siwamalizi. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, wanakuwa wazito. Navaa glavu, natega ndoo yenye maji ya sabuni chini ya ua, nalitikisa, wanaanguka. Na ua ninalolitaka kwa harusi au kwa mteja nalifunika na kipande cha chandarua kuukuu tangu likiwa tumba. Hakuna dawa inayolinda ua kama chandarua.

Kwa viwavi, mwarobaini. Lakini mwarobaini una namna yake, na wengi wanaukosea wakisema haufanyi kazi. Majani yana nguvu kidogo, nguvu iko kwenye mbegu. Okota matunda yaliyoiva manjano, yamenye nyama, anika mbegu kivulini mpaka zikauke kabisa. Zikianikwa juani au zikivunda zimeharibika. Siku ya kazi ziponde kwa kinu ambacho hamtwangii chakula. Gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha leso, tia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Puliza jioni, kuanzia saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa jua linaiua dawa hiyo upesi. Haiui papo kwa papo. Kiwavi anapoteza hamu ya kula na anashindwa kujivua ngozi, kwa hivyo anadumaa na kufa polepole. Wadogo ndio wanaoshikika, wakubwa wa kidole kizima wameshakuwa sugu. Rudia kila siku tano hadi saba, na mvua ikinyesha anza upya.

Ushahidi si wangu mimi tu. ICIPE, kile kituo cha wadudu Nairobi alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilifanya kazi kubwa ya mwarobaini miaka ya 1990, wakulima wakafundishwa namna ya kuutumia shambani.

MvitaUghaibuni

Na huku niliko tunanunua mafuta yake kwenye kichupa kidogo kwa bei ya kutisha, tunawapulizia vitoto vya yule mwekundu vikiwa bado vidogo, vinakufa. Nikikumbuka mwarobaini uliokuwa uwanjani kwetu Majengo, mbegu tunazikanyaga njiani kwenda chuoni, roho inaniuma.

NyaliBarazani

Nimemwambia shangazi, amekubali. Swali jengine: nina paka watatu. Hayo mayungiyungi hayawadhuru?

MwalimuMstaafu

Lili za kweli ni hatari sana kwa paka. Jani, petali, hata vumbi la ua alilojilamba manyoyani linaweza kuharibu figo zake, na usipomfikisha kwa daktari wa mifugo mapema unampoteza. Krinamu ina sumu nyengine, hasa kwenye tunguu: inatapisha na kuharisha, kwa paka na kwa mtoto pia. Kwa hivyo matunguu yaliyochimbuliwa yasiachwe ovyo jikoni karibu na vitunguu. Mtu anaweza kukosea gizani.

MamaWatotoWanne (Changamwe)

Mimi na majongoo je? Uani kwangu, chini ya mayungiyungi, wamejaa wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu. Nimekuwa nawamwagia chumvi.

BustaniBamburi

Waache mama, tafadhali! Hao ni wafanyakazi wako. Njoo siku moja Haller Park uone walichokifanya. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, halioti kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na iliyostahimili zaidi ni mivinje. Ikaangusha vijani vyake vikarundikana bila kuoza. Akaleta majongoo, haohao wa miguu myekundu, wakala vile vijani, mavi yao yakawa udongo. Msitu mzima ule leo umesimama juu ya kazi yao. Jongoo anakula kilichokufa. Ukimkuta ndani ya tunguu lililooza, jua ameingia baada ya msiba, si yeye aliyeuleta. Na chumvi inaua mmea wenyewe.

UaniKwaMama (Kisauni)

Nimerudi baada ya wiki sita. Ahsanteni nyote, kila mmoja, wallahi sikutarajia.

Nawaeleza nilivyofanya. Siku ya kwanza nilikata kila jani lenye baka nikalitazama dhidi ya jua. Ukiliinua jani hivyo, vitoto vya ndani vinaonekana kama kivuli cha mchele. Sikuyatupa jalalani, niliyatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni nikaifunika siku mbili. Kisha nikayafukua matunguu yote yaliyobaki, kumi na moja. Kila moja nilikuwa nalibonyeza kwa kidole gumba nione kama ni laini. Matatu yalibonyea. Nilikata sehemu iliyooza kwa kisu mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe iliyo ngumu, nikayaacha kivulini siku nne yakauke jeraha. Mawili yamepona, moja limekwenda. Udongo wa pale niliupepeta kwa chekecheke, nikapata vifukofuko vya kahawia vinang'aa kama kokwa ya ukwaju, ishirini na tatu. Hivyo ndivyo nondo wa kesho. Bila ya kuchekecha ningekuwa nauguza majani juu na chini natunza kizazi kipya.

Mwarobaini nilipuliza kwa maelezo ya kaka wa Bamburi, jioni, mara nne. Kila usiku, baada ya isha, nilizunguka na tochi na kijiti nikiwaangusha kwenye kopo. Usiku wa kwanza walikuwa arubaini na kitu. Wiki ya pili, tisa. Wiki ya nne, wawili. Sasa nachungulia chini ya majani kila Jumatatu na Alhamisi, natafuta mayai tu. Nilipata kundi moja, nikalifuta kwa kitambaa kama alivyosema dada wa Uingereza. Njia ya kumkamata mdudu wake imenifaa kwa mdudu wangu, ingawa hawajuani.

Mbawakawa wa malengelenge ndiye yuleyule uliyemtaja kaka, rangi na shingo. Nimefunika tumba mbili kwa chandarua cha zamani cha mama, mengine nimewaachia.

Ile chupa ya soda niliirudisha dukani. Nilimwambia muuzaji kwa heshima kwamba dawa isiyo na karatasi sinunui tena kwa mtu yeyote, na kwamba karatasi inapaswa kuwa na namba ya usajili ya bodi ya dawa za wadudu, na mmea na mdudu inayemhusu. Aliipokea, hakujibu. Mrehani nimepanda mwengine, mbali na mayungiyungi hatua kama kumi, na nyuki wameanza kurudi.

Majuzi jioni nilikuwa jikoni nakuna nazi. Mama akaita kutoka barazani, "Moja limefunguka." Nikaenda na tochi. Lilikuwa lile la chini ya chandarua.

MzeeWaMtongwe

Alhamdulillahi. Binti yangu, mke wangu ananiuliza kama utamuuzia tunguu moja.

UaniKwaMama (Kisauni)

Kuuza hapana, mzee wangu, mama hawezi kukubali. Yapo mawili madogo yaliyojitenga na mama yao. Nimeyaweka peke yake kwenye kopo wiki tatu niyachunguze, sijaona doa. Nikiyaosha udongo wote na yakikauka nitavuka nayo feri Jumapili asubuhi, inshallah. Mwambie mama wa huko kwako awe amechimba shimo, asizike shingo ya tunguu, na kwa wiki ya kwanza asimwagilie maji mengi.